Kuvunjika Mguu Si Mwisho wa Mbwa

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hata hivyo, hapa kwetu Uganda mbwa akigongwa na bodaboda, wengi huhesabu kuwa maisha yake yamekwisha. Mwaka jana jirani yangu alitaka mbwa wake aliyevunjika mguu auawe. Mwanawe, ambaye ni mwanafunzi wangu, alimsihi amwite kwanza daktari wa mifugo. Mfupa ulifungwa, ukaunga; lakini bendeji ilipoondolewa, mguu ulikuwa mwembamba na mkavu kama fimbo.

Hapo ndipo tiba ya viungo inapohitajika. Msuli usiotumika hunywea, na kiungo kisichokunjwa hukakamaa. Kwa maelekezo ya daktari, kijana yule aliukanda mguu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akaukunja na kuunyoosha polepole, kisha akamtembeza mbwa kwa kamba hatua chache kila asubuhi. Katika nchi zenye uwezo, wanyama hutembezwa ndani ya matangi ya maji, kwa kuwa maji hubeba sehemu ya uzito wa mwili na kukipunguzia kiungo mzigo. Kijana hakuwa na tangi. Alikuwa na subira. Baada ya miezi miwili mbwa alirejea langoni kulinda, akichechemea kidogo tu.

Wapo watakaouliza: iwapo binadamu wenyewe hawaitoshelezi tiba hii, kwa nini tuwafikirie mbwa? Swali hilo ni la haki. Lakini kitambaa na maji ya moto havimnyang'anyi mgonjwa yeyote kitanda chake hospitalini. Isitoshe, sheria ya Uganda ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama imekuwapo tangu 1957. Anayefuga mnyama amejitwika wajibu kwa hiari yake.

Nakiri kwamba si kila mnyama hupona. Yupo ambaye maumivu yake hayatulizwi, na kumpumzisha ni huruma. Uamuzi huo na utokane na uchunguzi wa daktari, usitokane na uchovu wetu. Wala msimpe mnyama dawa zenu za maumivu kwa kubahatisha: kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumuua paka.

Nanyi mwaonaje? Andikeni aya moja ya kuniunga mkono au kunipinga, mkiitumia methali ya koleo.