Rubani mgonjwa, mwajiri mwenye shaka na amana ya roho za watu

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Swahaba zake.

Wiki tatu nyuma, baada ya darsa ya baina ya Magharibi na Isha, mzee mmoja alibaki amekaa mpaka watu wote wakatoka. Akaniambia: “Maalim, mwanangu anarusha ndege huko Ghuba. Tokea kufariki mama yake hapati usingizi. Ameomba ruhusa ya ugonjwa mara mbili, na mara ya pili ameitwa ofisini akaulizwa mbona anaumwa sana. Sasa ananiuliza mimi, akinyamaza akaendelea kurusha, ana dhambi? Na akisema kweli wakamzuilia cheti chake, watoto wake watakula nini?”

Sikumjibu usiku ule. Nilimuomba muda, kwa sababu mas-ala haya yana pande mbili, na anayefutu kwa kusikiliza upande mmoja huwadhulumu watu. Nimesoma nilivyoweza, nikaona faida ya kuyaandika hapa, maana hayamhusu kijana yule peke yake. Madereva wa mabasi, manahodha wa boti na madaktari wa zamu ya usiku nao wamo.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Rubani wa ndege ya abiria harushi kwa leseni tu. Lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Kwa kawaida cheti hicho hudumu miezi 12, na akishafika umri wa miaka 60 hupimwa kila baada ya miezi sita. Lakini kanuni za kimataifa za anga zimeweka jambo jengine ambalo wengi hawalijui: rubani mwenyewe akihisi afya yake imepungua kiasi cha kutomuwezesha kufanya kazi kwa usalama, haruhusiwi kurusha, hata kama cheti chake mfukoni bado hakijamaliza muda. Daktari humuona mara moja au mbili kwa mwaka. Siku nyengine zote mkaguzi ni yeye mwenyewe na Mola wake. Sijui kazi nyingi za dunia ya leo zilizojengwa juu ya amana kwa kiasi hiki.

Amana hiyo ilipovunjika, dunia iliona. Tarehe 24 Machi 2015 ndege ya shirika la Germanwings, iliyokuwa ikitoka Barcelona kwenda Düsseldorf, ilipigizwa kwenye milima ya Alps upande wa Ufaransa. Walikufa watu wote 150, abiria 144 na wafanyakazi sita. Rubani msaidizi, Andreas Lubitz, alimfungia mlango nahodha aliyetoka chumbani, kisha akaishusha ndege kwa makusudi. Wachunguzi walipoingia nyumbani kwake walikuta vyeti vya daktari vilivyochanwa. Siku ile ya safari alikuwa na cheti kinachosema hafai kwenda kazini, na mwajiri wake hakujua. Kwa utaratibu wa Ujerumani wa wakati ule, karatasi ya mwajiri haikutaja ugonjwa, na mgonjwa ndiye aliyeipeleka mwenyewe kazini. Akiichana, hakuna aliyeiona.

Watu wengi waliishia hapo: rubani alidanganya, basi marubani wabanwe. Lakini ripoti ya taasisi ya Ufaransa ya uchunguzi wa ajali za ndege, BEA, iliyotoka Machi 2016, haikuishia hapo. Wachunguzi waliuliza kwa nini alificha, na kwa nini mfumo haukumzuia. Wakataja mambo matatu. Kuna uwezekano mkubwa alikhofu kupoteza haki ya kurusha ndege. Hakuwa na bima mahsusi ya kumlipia kipato lau angeonekana hafai kwa afya, na alikuwa na mkopo wa mafunzo. Na sheria za nchi yake hazikuwa wazi ni wakati gani khatari kwa umma huzidi wajibu wa daktari wa kutunza siri ya mgonjwa. Wiki mbili kabla ya ajali daktari mmoja alikuwa amependekeza apelekwe hospitali ya maradhi ya akili. Madaktari waliomtibu walinyamaza, na si kwa ubaya. Waliiogopa sheria ya siri.

Simtetei mtu aliyeua watu 149 wasio na hatia. Dhambi yake ni yake, na hisabu yake iko kwa Allah. Nasema tu kwamba khofu ilikuwemo, na waliochunguza maiti na vifusi waliiandika.

Khofu hiyo si ya mtu mmoja. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliowahoji marubani 3,765 nchini Marekani. Asilimia 56 walikiri kuwa waliwahi kukwepa matibabu kwa namna fulani, kama kutokwenda kwa daktari, kutosema kila kitu au kutafuta tiba kwa siri, kwa kuogopa cheti chao. Zaidi ya nusu, ndugu zangu. Oktoba 2023, rubani aliyekuwa mapumzikoni, amepanda kama abiria kwenye kiti cha ziada ndani ya chumba cha marubani, alijaribu kuzima injini za ndege angani kwenye safari ya kwenda San Francisco. Wenzake walimzuia na hakufa mtu. Baadaye alieleza kuwa alikuwa na sonona tokea kufiwa na rafiki yake, na aliogopa kutibiwa asije akapoteza kazi. Badala ya dawa za daktari alikula uyoga wa kulevya. Na kwao Marekani dawa nne za sonona zilikubaliwa kwa marubani mwaka 2010, kwa masharti na kipindi cha kusubiri. Mlango ulikuwa wazi kidogo, lakini si wengi wanaouamini.

Sasa tumsikilize na mwajiri, maana naye ana hoja. Mwisho wa Septemba 2016, shirika la TUIfly la Ujerumani lilitangaza mpango wa kupangwa upya kampuni. Ghafla marubani na wahudumu “wakaumwa”. Kwa kawaida wasiokuja kazini kwa ugonjwa walikuwa asilimia kumi hivi. Siku zile, upande wa marubani, wakafika baina ya asilimia 34 na 89. Safari zikafutwa, familia zikalala viwanja vya ndege. Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 2018 kuwa ule ulikuwa mgomo usio rasmi, na shirika halikuweza kuutumia kama udhuru wa kutowalipa abiria fidia. Huyu mwajiri akiambiwa kesho “naumwa”, atakuwa na wasiwasi, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo.

Hukmu ya jambo hili iko wazi wala haihitaji kuzungushwa: kujitia ugonjwa ni uongo, na mshahara wa siku hiyo ni mali iliyoliwa kwa batili. Mwenye malalamiko na mwajiri wake atumie chama chake, mahakama, au mgomo pale unaporuhusiwa. Asiutumie ugonjwa, kwani kila mzima anayejifanya mgonjwa humfungia mlango mgonjwa wa kweli atakayekuja nyuma yake.

Lakini hesabu peke yake haimtoi mtu muongo. Tarehe 12 Juni 2025 ndege ya Air India ilianguka Ahmedabad na wakafa watu 260, wakiwemo 19 waliokuwa chini. Siku nne baadaye, tarehe 16 Juni, marubani 112 wa shirika hilo walitoa taarifa kuwa wanaumwa, manahodha 51 na wasaidizi 61. Waziri alilieleza bunge la India. Je, hawa ni wagomaji? Wamezika wenzao, na kesho yake wanatakiwa wakae kwenye viti vile vile. Aliyekosa usingizi siku hizo akasema “leo sirushi” kwangu mimi ametekeleza amana, na mwajiri mwenye akili angemshukuru.

Hapa ndipo sharia inapotupa mizani. Suratul Hujurat imeamrisha kubainisha khabari kabla ya kuichukulia hatua, na sura hiyo hiyo imekataza dhana nyingi na kupelelezana. Kubainisha kunaruhusiwa: mwajiri adai cheti cha daktari, ampeleke mfanyakazi kwa daktari wa anga apimwe upya, aulize atarudi lini. Sheria nyingi zimepanga hivyo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika miezi 36, nusu ya mwanzo kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, na cheti kinatakiwa. Kupeleleza ni jambo jengine. Ofisi ya utumishi kutaka kujua jina la ugonjwa, kumuuliza jirani, kupekua simu na picha za mitandaoni, au kumpa mtu barua ya onyo kwa sababu siku zake za kuumwa zimezidi za mwenzake, hali hakuna aliyemthibitishia uongo, hiyo ni dhana iliyovaa koti la ofisi.

Na siri ya daktari? Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, lililijadili suala hili katika kikao chake cha nane, Brunei, Juni 1993. Likaamua kuwa asli ni kutunza siri ya mgonjwa na kuifichua ni khiyana, isipokuwa pale ambapo kuificha kunaleta madhara makubwa zaidi kuliko kuitoa, kama kuikinga jamii na uharibifu. Imam Nawawi (Rahimahullah) naye aliorodhesha sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa aibu yake, na miongoni mwake ni kuwatahadharisha Waislamu na shari. Kwa hivyo daktari anayemuona rubani katika hali ya khatari aiambie mamlaka ya anga, kwa kiasi cha haja tu: “huyu asirushe”. Ofisi ya mishahara haina haki ya kujua zaidi.

Nasikia pia, tena kutoka kwa watu wa dini, kwamba huzuni ya namna hii ni udhaifu wa imani. Hapana. Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika kwa kumpoteza Yusuf mpaka macho yake yakapofuka, na nani atamtuhumu imani yake? Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na nafsi, na akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, nasi bado tunawaambia vijana wetu wasome tu nyiradi wala wasende kwa daktari. Nyiradi zisomwe, na daktari aonwe.

Wanaodhani dini humlazimisha rubani kubeba mzigo wasioubeba wengine wakumbuke Ramadhani. Shirika la ndege la Pakistan liliwaelekeza marubani na wahudumu wake mwaka 2024 wasifunge wakiwa kazini angani, na msafiri ana rukhsa yake tokea zamani. Ikiwa funga, ambayo ni nguzo, inaakhirishwa kwa ajili ya usalama wa abiria, basi zamu ya kazi nayo yaakhirishika.

Mashirika nayo yana wajibu. Baada ya Germanwings, Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni mwaka 2018, zikaanza kutumika Februari 2021: rubani apimwe nafsi yake kabla ya kuanza kazi, na kila shirika liwe na mpango ambao rubani anaweza kuzungumza na rubani mwenzake aliyefunzwa, bila ya maneno yake kupelekwa kwa bosi. Ni kanuni nzuri. Ila bila ya kipato cha kumshika mtu akiwa chini, wengi watanyamaza tu. Shirika linaloweza kununua ndege mpya linaweza kuweka takaful ya anayepoteza cheti. Anayeufanya ukweli uwe sababu ya njaa ana sehemu yake katika uongo unaofuata.

Baada ya kuyapima haya nilimuita yule mzee. Nilimwambia: “Mwambie mwanao, kwa hali aliyonayo ni haramu kwake kukaa kwenye kile kiti, hata safari moja. Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni, akakuta juu pakavu na ndani pamerowa, akamkemea muuzaji kwa kuificha ile rutuba. Cheti chake leo ni lile pakavu la juu. Aende kwa daktari wa anga mwenyewe, kabla hajaitwa, aseme anachokihisi, na kila karatasi aiweke nakala. Wakimuita tena ofisini, aseme yuko chini ya daktari, na ugonjwa wenyewe asiutaje kwa asiyehusika. Na wewe na ndugu zake kaeni muangalie watoto watakula nini. Hilo msimwachie peke yake.”

Mzee alinyamaza kidogo, akasema, “Nina shamba Donge, Maalim. Karafuu za mwaka huu zimeshika.”

Kijana alikwenda. Amesimamishwa kurusha kwa miezi kadhaa, anatibiwa, na ameniletea ujumbe wa sauti kuwa sasa anapata usingizi saa nne kwa usiku. Kama watamrudishia cheti chake, bado hajaambiwa.

Wallahu a'lam.