Mtoto akiitwa kucheza mbali

Mwezi wa sita 1974 Leopards wa Zaïre walifika Dortmund, Ujerumani, kucheza Kombe la Dunia. Kazadi na Mwepu, wa Mazembe ya Lubumbashi, walikuta mji wenye migodi kama kwao, viwanda vya chuma, na uwanja mpya uliofunguliwa mwaka uleule. Tarehe 14 Scotland iliwafunga 2-0. Kisha wakaambiwa pesa walizoahidiwa hazitakuja. Tarehe 18 Yugoslavia ikawafunga 9-0. Watu wakawacheka bila kuuliza sababu.

Sisi wamama tuulize mapema. Mtoto akiitwa kucheza mbali, nani atamlipa? Nani atamrudisha nyumbani? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, kabla mtoto hajapanda boti hapa Malemba.