Nani Kasema Momela ni ya Wazungu?

Familia nyingi za Arusha zina jibu moja ambalo nimechoka kulisikia. Mtu akipendekeza kwamba Jumamosi moja baba, mama na watoto waende kutembea kwa miguu kwenye maziwa ya Momela, chini ya Mlima Meru, huambiwa: "Hayo ni mambo ya wazungu." Mazungumzo yanaishia hapo. Wapo wanaoongeza kwamba sisi tumetoka porini, kwa hiyo hatuna sababu ya kulipa kiingilio ili kumtazama twiga.

Nayapinga maneno yote mawili, na hilo la kwanza nalipinga kwa uchungu, kwa sababu halikuanzia kwetu.

Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kudhibiti uwindaji kwa leseni. Hivyo ndivyo mtu aliyezoea kuwinda kitoweo alivyoanza kuitwa mhalifu katika nchi yake mwenyewe. Waingereza walipokuja wakaendeleza palepale. Mwaka 1951 serikali yao iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuwatetea watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Ngare Nanyuki ipo jirani kabisa na lango la Momela. Mjukuu wa watu wale anaposema leo kwamba mlima na maziwa yake ni ya wazungu, anakitoa kwa hiari kile ambacho babu zake walikataa kunyang'anywa.

Na hilo la kutoka porini, nani hasa katoka huko? Labda babu. Mtoto anayelelewa Sakina au Njiro anaamkia honi za bodaboda na kulala na katuni. Twiga anamjua kwa picha. Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, anauona kila asubuhi dirishani, lakini hajui kwa nini ubavu wake wa mashariki umemeguka.

Jibu la swali hilo lipo Momela, na mtoto anaweza kulikanyaga. Miaka elfu kadhaa iliyopita ubavu ule uliporomoka. Mawe na tope vikamwagika hadi mbali, vikaacha vilima vidogovidogo na mabonde katikati yake. Mabonde hayo yakajaa maji, mengi yakitoka chini ya ardhi, na ndiyo maziwa tunayoyaona. Kila moja lina madini yake na mwani wake, ndiyo maana moja huonekana la kijani na jirani yake la buluu. Heroe hufuata mwani huo, wakainamisha vichwa na kuuchuja kwa midomo yao iliyopinda. Maji yenyewe hayanyweki, yamejaa magadi na floraidi. Floraidi hiyohiyo ya miamba ya volkano, inayoingia pia katika visima na vijito vya vijiji vya jirani, ndiyo inayowapa watu wengi wa ukanda huu meno ya rangi ya kahawia. Ni watoto wangapi wa Arusha wamechekwa kwa meno yao bila kuambiwa kwamba sababu inatoka mlimani? Siku moja ya kutembea ingewaeleza.

Nasisitiza kutembea. Katika hifadhi zetu nyingi mgeni hushinda ndani ya gari, na watoto husinzia kabla ya saa sita. Hifadhi ya Taifa Arusha, yalimo maziwa haya, inaruhusu matembezi ya miguu ukiwa na askari mwenye bunduki. Mtoto anajifunza kushusha sauti, kutazama upepo unatokea wapi, kutofautisha kwato za nyati na za pundamilia. Msituni anainua kichwa na kumwona mbega akiruka, manyoya meupe yakipepea mgongoni. Hofu ya wazazi naielewa. Nyati ni hatari kweli, na hakuna anayepaswa kumzoea. Ndiyo maana askari yupo, na neno lake ni amri.

Wengine watataja fedha. Kwa familia isiyo na uhakika wa mlo wa jioni sina la kubishana nayo. Wengi wanaonijibu hivyo, hata hivyo, si hao. Ni watu wanaokaa kwenye kamati za harusi na kuchangia sendoff mwezi hadi mwezi. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi, nacho ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kwa dola. Mzigo ni usafiri, na huo hubebwa kwa kuchanga: familia tatu, Hiace moja, chakula kilichopikwa nyumbani.

Lawama si ya wazazi peke yao; Momela imetangazwa zaidi kwa wageni. Filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, iliipeleka Momela kwenye kumbi za sinema za dunia. Filamu ya The Royal Tour ya mwaka 2022 nayo ilitengenezwa kwa macho ya watalii wa nje. Mwenyeji hualikwa mara chache, na kwa sauti ndogo. Askari, waongozaji, wapagazi na wapishi wa mlima huu ni Watanzania. Wanajua kila kona ya njia. Ni wangapi kati ya watoto wao wamewahi kupita langoni kama wageni? Hilo linaniuma kuliko yote.

Basi, ndugu msomaji, shule hufungwa Juni, na Juni ni kiangazi. Tokeni Arusha alfajiri kwa barabara ya Moshi, mkate kushoto Usa River. Chukueni raba imara, masweta, na maji ya kunywa ya kutosha. Ulizeni mapema umri wa watoto wanaoruhusiwa kutembea kwa miguu; walio chini yake watayaona maziwa kutoka garini. Kisha nendeni.