Jirani Si Jino Bovu

Neno lenyewe linanikera: kuvumiliana. Limebandikwa kwenye mabango ya vyuo, linahubiriwa kila uchaguzi unapokaribia, linatungiwa mashairi na kuundiwa klabu. Makabila mbalimbali, tuvumiliane. Dini tofauti, tuvumiliane. Hebu tulisikilize vizuri neno hili. Mtu huvumilia nini? Huvumilia njaa. Huvumilia foleni ya hospitali. Huvumilia jino bovu hadi mwisho wa mwezi, mshahara uingie, akaling'oe. Sijawahi kumsikia mtu akisema anavumilia chapati za moto. Kwa hiyo ukiniambia kwamba unanivumilia, umeshanieleza mimi ni nani kwako: maumivu ambayo bado hujapata pesa za kuyaondoa.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, mwaka wa tatu, na nitasema ninachokiona kutoka dawatini. Nchi hii haijakosa mahubiri ya uvumilivu. Imekosa watu wanaojuana. Na mahali pamoja tunapofundishwa kutojuana, tena kwa kutuzwa alama, ni kwenye insha.

Anayebisha na akumbuke shule ya upili. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE inadai insha mbili, kila moja alama 20. Ili uzipate, unaambiwa uweke akiba ya mapambo. Basi tunakariri. Tunaingia chumba cha mtihani tukiwa na jua letu tayari, mvua yetu tayari, na msichana wetu mrembo kama hurulaini, mwenye meno meupe kama theluji. Msichana wa Lodwar ana meno ya theluji. Wa Kisii, theluji. Wa Lamu naye theluji hiyohiyo, wakati wengi wetu tunaoandika theluji hatujawahi kuigusa. Hakuna anayeuliza: je, huyu msichana mmoja ana meno gani? Labda lina pengo. Labda yamekuwa ya kahawia kwa sababu ya maji ya kisima cha kwao. Hapo ndipo hadithi ingeanzia, lakini alama haziko hapo.

Mtu akishazoea kukopa sentensi, atakopa na watu. Angalia hadithi tunazosomeana kwenye vikao vyetu vya uandishi. Bawabu unamjua kabla hajafungua lango: ametoka magharibi, anapenda ugali wa mlima, kila "b" anaigeuza "p". Mfanyabiashara ametoka Kati na angeuza hata nyanya yake kama angepata mteja. Mganga ametoka Ukambani, wapi kwingine? Mtu wa Pwani amelala chini ya mnazi, na Msomali ana pesa zisizojulikana zilikotoka. Tunacheka, tunapiga makofi, tunasema mwandishi ana kipaji. Kipaji gani? Bawabu huyo hatujui mkewe anaitwaje. Hatujui ni nini kinachomkosesha usingizi mchana akirudi kutoka kazini. Hatujui kama anasoma, anadaiwa, au ana mtoto aliyemaliza chuo na hana kazi. Mwandishi hakumwangalia hata dakika moja. Alimtoa kabatini kama vile alivyoitoa theluji.

Ndiyo maana nasema ukabila na uandishi mbaya ni ugonjwa mmoja: uvivu wa kuangalia. Ukitaka kuutibu mmoja huku umeuacha mwingine, unajisumbua bure.

Najua jibu litakalokuja. Aaa, wewe nawe, hayo si ni mzaha tu! Wakenya tunachekana, ndiyo afya yetu. Sawa. Mimi pia napenda mchongoano. Lakini kuchekana kunahitaji watu wawili wanaojuana, mmoja akirusha na mwingine akirudisha. Anayecheka kabila zima kwenye jukwaa hachekani na mtu. Na lugha haikai jukwaani. Kuna neno "madoadoa". Kwenye kamusi ni mabaka tu, ya chui au ya kitambaa. Katika siasa za Bonde la Ufa likageuka jina la jirani ambaye kwao si hapa. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Mwaka 2022 tume ya uwiano na utangamano ililiweka neno hilo kwenye orodha yake ya maneno ya chuki, pamoja na mengine kama "mende" na "kwekwe".

Sasa mwanafunzi mwenzangu, yaangalie maneno hayo kwa jicho la darasa letu. Doa. Mende. Kwekwe. Hizo ni nini kama si istiari? Na ni istiari nzuri, kusema kweli: fupi, zinaonekana, zinashikika. Doa hufutwa, mende hukanyagwa, kwekwe hung'olewa. Kitenzi kimekuja na nomino yake, hata hakuhitajika mtu wa kutoa amri. Sisi tunafundishwa kuitambua istiari na kuitolea mfano. Hatufundishwi kuuliza istiari hiyo inamfanyia nini mtu inayemtaja. Mchochezi amefaulu somo letu vizuri kuliko sisi.

Wala usiniambie kwamba fasihi tayari inalishughulikia jambo hili kwa sababu riwaya teule zinazungumzia ukabila. Zinazungumzia, ndiyo. Nguu za Jadi ya Clara Momanyi inaonyesha wazi jinsi Waketwa wanavyobaguliwa. Sisi tunaifanya nini riwaya hiyo? Tunaigeuza orodha ya hoja. "Fafanua maudhui ya ukabila, alama 20." Kijana anakariri hoja kumi, anaziandika zote, anapata 18, anarudi bwenini na kumwita mwenzake wa kitanda cha juu kwa jina la kabila lake, kwa sababu muhula mzima hajajisumbua kulijua jina lake halisi. Amepasi ukabila, bana. Amepasi kabisa.

Kuna upande wa pili wa ugonjwa huu, nao unahusu kalamu nyekundu. Mwenzangu mmoja, mtu wa Mombasa, aliandika hadithi ambamo bibi anamwita mjukuu wake: "Ndoo hapa." Katika Kimvita, "ndoo" ni "njoo", na "ndia" ni "njia". Karatasi iliporudi, pembeni pameandikwa: "Ndoo ya maji?" Darasa lilicheka. Yeye alirekebisha, na toleo la pili yule bibi anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Makosa hakuna. Bibi naye hayupo.

Huyo bibi alinyamazishwa kwa jina la usanifu, kwa hiyo tuseme usanifu ulitoka wapi. Haukushuka na mvua. Mwaka 1928 maafisa wa kikoloni walikutana Mombasa, papo hapo kwa kina bibi wa "ndoo", wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Ulikuwa uamuzi wa kiutawala, na una faida zake. Lakini Kimvita hakikufa kwa kukosa kura. Ndicho alichokitungia Muyaka katika karne ya 19. Ndicho alichokitumia Abdilatif Abdalla alipofungwa na serikali kati ya 1969 na 1972, akitunga mashairi gerezani kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yakatoka mwaka 1973 yakiitwa Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta. Yangepitia kwa yule aliyeuliza ndoo ya maji, yangerudi yamejaa wino mwekundu.

Naomba nisieleweke vibaya, maana wapo watakaosema nataka kila mtu aandike atakavyo. La. Sheria ya nchi iandikwe kwa Kiswahili sanifu. Maelezo ya dawa yaandikwe kwa Kiswahili ambacho mtu wa Busia na wa Voi watakielewa sawasawa. Upatanisho wa kisarufi tujifunze, tena tuujue barabara. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeandika "kitabu yangu" bila kujua anachokifanya, kazi bado anayo. Ila kuna tofauti kati ya asiyejua na anayechagua. Mhusika wa Eastleigh akisema "hiyo kitu" kwenye mazungumzo, mwandishi hajakosea. Amesikiliza. Hata katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, baada ya kukipa Kiswahili hadhi yake inaidai serikali ikuze na ilinde lugha nyingine za Wakenya. Katiba inazilinda, na sisi kwenye kikao cha uandishi tunazichekea.

Kutambuliwa na kujulikana ni mambo mawili. Mwezi wa Oktoba 2016 Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai vitambulisho. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, na watoto na wajukuu waliozaliwa hapa wakaishi miongo kadhaa bila uraia. Hatimaye wakatambuliwa, wakaitwa kabila la 43. Mwaka uliofuata Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa la 44. Ni haki, na ilichelewa mno. Lakini hebu jiulize: ni hadithi gani ya Kikenya uliyosoma ambamo Mmakonde anafanya jambo lingine zaidi ya kuchonga kinyago? Yule mwanamke aliyetembea hadi Nairobi, viatu vyake vilikuwaje alipofika? Njiani alikula nini? Nambari 43 haina viatu.

Kwa hiyo tunapozungumza kuhusu kuboresha uandishi, tafadhali tusianze na msamiati. Methali mia hazitakusaidia. Chukua rasimu yako ukate kila sentensi ambayo ungeweza kuiandika bila kutoka chumbani. Mhusika akiingia, kabila lake lisitangulie; kwanza tujue anataka nini leo na nini kinamzuia. Ukitaka kuandika juu ya mama muuza samaki wa Kisumu, nenda sokoni, nunua samaki, uliza bei ya mafuta ya kukaangia, nyamaza, msikilize. Kisha msomee ulichoandika. Akicheka pale ulipotaka achekee, umempata. Akikuuliza, "Huyu ni nani?", rudi mezani.

Na walimu wetu, ambao nawaheshimu, nao wana deni. Toeni alama kwa kilichoonwa. Mwanafunzi akiandika kwamba meno ya dada yake yana rangi ya chai, mpeni alama kuliko yule wa theluji, hata kama hajatumia methali hata moja. Kalamu nyekundu ikikutana na neno geni, iulize kwanza: hili ni la wapi?

Mimi klabu ya utangamano ikiniomba tena shairi la kuvumiliana, sitalitunga. Nitaomba nipewe jirani mmoja ambaye simjui, na wiki mbili za kukaa naye. Nitakachokileta huenda kisifae kwa bango. Lakini atakuwemo mtu mwenye jina, mwenye kauli yake kama anavyoisema kwao, na mtu wa namna hiyo si rahisi kumwita doa.