Bakuli la tatu la dagaa Muhuta

Wavuvi wa Ziwa Tanganyika hutegemea usiku wa giza. Taa za mitumbwi huvuta dagaa, ambao Warundi huwaita indagara, na alfajiri wachuuzi hujaa mwaloni. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Mavuno hupungua na bei hupanda. Kwa hiyo mwambao wa Muhuta, kaskazini mwa mji wa Rumonge, huonja neema na uhaba ndani ya mwezi mmoja.

Siku ya neema, mama anayenunua bakuli la kwanza habishani sana, maana hicho ndicho kitoweo cha jioni. La pili atalifikiria. La tatu, hata likipunguzwa bei, ataliacha na fedha yake itakwenda kwenye mawese au unga wa muhogo. Dagaa hawajamchosha, haja yake imeshatulizwa. Mjerumani Hermann Heinrich Gossen aliandika jambo hili mwaka 1854: kila kipimo kinachoongezwa humfaa mtu kidogo kuliko kilichotangulia. Wachuuzi wa mwaloni hawakuhitaji kumsoma.

Hasara humwangukia muuzaji, kwa kuwa dagaa mbichi hawangoji. Njia mojawapo ni kuwakausha, ili bakuli lisilotakiwa leo liwe bakuli la kwanza wakati wa mbalamwezi. Vichanja vya waya vilivyoletwa na mradi wa FAO ulioanza mwaka 2004 kwenye mwambao wa Burundi vilipunguza muda wa kukausha kutoka siku tatu mchangani hadi saa nane hivi juani.

Njia nyingine ni kuwapeleka Bujumbura, ambako kuna familia isiyo na hata bakuli moja. Hapo ndipo barabara ya RN3 inapoamua mambo. Maporomoko yanapoifunga Gitaza, au petroli inapoadimika, dagaa hubaki kwa watu walioshiba huku mjini bei ikipaa. Kuongeza mitumbwi bila kugusa barabara na vichanja ni kuongeza bakuli la nne.

Suala hili linazidi uzito sasa ambapo nchi nne za ziwa hili, Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zimekubaliana kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka. Tanzania ilifunga upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Miezi mitatu ni mirefu kuliko mbalamwezi yoyote, na dagaa wa kuivusha kaya ya Muhuta lazima wawe wamekaushwa kabla haijaanza.