Taka Zetu Ziende Wapi?

Wako wasemao kwamba taka zimezagaa katika miji ya Uganda kwa sababu wananchi ni wachafu wa tabia. Neno hili husemwa hata na sisi vijana wa shule, nami silikubali. Mama auzaye nyanya sokoni hufagia mahali pake kila jioni. Lakini akisha kufagia hana pa kuzipeleka taka zile. Basi huzitia moto, au huzimwaga mtaroni.

Sheria tunazo, tena nzuri. Katiba ya 1995, kifungu cha 39, yampa kila raia haki ya kupata mazingira safi, na kifungu cha 17 chamwagiza ayatunze. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, yaani kaveera, iliyo nyembamba kupita maikroni 30. Hata hivyo kaveera zimo madukani hadi leo. Kwa nini? Ni mnunuzi gani, au askari gani, awezaye kupima maikroni 30 kwa jicho? Majirani zetu Rwanda (2008), Kenya (2017) na Tanzania (2019) walikataza mifuko ya plastiki ya kubebea, nene kwa nyembamba. Sheria ya namna hiyo hata mtoto aielewa.

Lakini kukataza peke yake hakutoshi. Huko Rwanda, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu hutoka kufanya kazi ya pamoja iitwayo umuganda, viongozi wakiwamo. Serikali huamuru, na pia huwapa watu siku na njia ya kutii.

Sisi tumeona matokeo ya kukosa njia hiyo. Jalala la Kiteezi, karibu na Kampala, lilifunguliwa mwaka 1996, likapokea taka za jiji mpaka zikawa mlima. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule uliporomoka ukafukia nyumba, na watu zaidi ya 30 wakafa. Je, hao nao tuseme waliuawa na uchafu wa tabia zao? La! Walikuwa wakikaa kando ya taka za jiji zima.

Labda mtu atasema kwamba serikali haina fedha za kuweka mtumishi wa mazingira kila mahali. Mbona mtu huyo yupo tayari? Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, kila halmashauri ya kijiji, yaani LC I, ina katibu wa uzalishaji na hifadhi ya mazingira. Kinachokosekana ni vifaa. Apewe makoleo na toroli, aonyeshwe mahali palipo halali pa kukusanyia taka, na siku ya gari kuja kuzichukua ijulikane na wote. Hapo ndipo itakapokuwa haki kumtoza faini atupaye ovyo, maana hatakuwa na udhuru.

Nasi wanafunzi tusikae kimya. Likizo ijayo kila msomaji amwendee mwenyekiti wa kijiji chake, amwulize kwa adabu: katibu wetu wa mazingira ni nani, na taka zetu zaenda wapi? Kuuliza hakugharimu hata senti moja, na kiongozi aulizwaye na wengi hana budi kutafuta jibu.