Akili Haiuzwi kwa Kidonge

Msomaji kijana, mtihani ukaribiapo, wachuuzi wa akili huja pamoja nao. Vibandiko vya chupa zao huahidi kumbukumbu kali na fikira nyepesi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi chunguza kabla ya kufungua mkoba wako.

Sikatai kwamba chakula hugusa ubongo. Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mtu mzima, lakini hutumia kama sehemu 20 katika 100 za nguvu za mwili uliotulia. Chembe zake hupelekeana habari kwa kemikali. Mojawapo ni asetilikolini, ambayo kumbukumbu huihitaji, nayo hutengenezwa kwa kolini iliyomo katika mayai, maini na maharagwe. Huo ni ukweli. Uongo huanza pale mchuuzi anenapo kwamba aliye nayo ya kutosha, akizidishiwa, atazidi akili. Taa iliyojaa mafuta haizidi kung'aa kwa kumiminiwa mengine. Mafuta humwagika bure.

Madai ya namna hiyo yamekwisha kupimwa. Huko Marekani wazee 3,069, wenye umri wa miaka 75 na zaidi, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa miligramu 240 za kiini cha majani ya mti wa ginkgo kila siku; la pili lilipewa vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa. Walifuatwa kwa miaka kama sita, na mwaka 2008 matokeo yakatangazwa: ginkgo haikuwakinga na maradhi ya kupotewa na akili uzeeni.

Utauliza, "Mbona basi iodini hutiwa katika chumvi yetu?" Umeuliza vema. Mama mjamzito akipungukiwa sana na iodini, mtoto aweza kuzaliwa na akili dhaifu. Chumvi hiyo humwokoa. Lakini huko ni kuziba pengo, si kununua akili. Mwenye shaka ya pengo na apimwe na tabibu, asibahatishe kwa mchuuzi.

Basi fedha ya chupa na inunue mayai na maharagwe. Usiku upe usingizi haki yake, maana ndani ya usingizi ubongo huyaimarisha yaliyosomwa mchana. Somo lirudie tena na tena. Kazi hiyo ni ya polepole, wala hakuna wa kukufanyia. Akuuziaye njia ya mkato hataketi nawe katika chumba cha mtihani.